Ndoo Iliyofurika Makongeni

Mjukuu wangu Ayuma,

Huku Makongeni hatujambo, ila babu yako bado anagombana na goti lake. Umeuliza nilijuaje kama mchezo wa redio niliouandika umeiva. Nilijulia bombani. Mchezo ukianza, redio zilisikika kutoka kila dirisha, nami nilisimama kwenye foleni ya maji nikiwatazama majirani.

Jioni moja, mama wa mchezoni alimpokea mwanawe aliyetoroka nyumbani. Nilikuwa nimemwandikia lawama tele, nikazifuta zote, nikamwachia neno moja: “Umekula?” Jirani yetu Mama Nekesa, ambaye mwanawe mwenyewe alitoroka na hajarudi hadi leo, aliacha ndoo ikafurika.

Kwa hivyo katuni unayoichora ikiisha, usiniulize kama ni nzuri. Nionyeshe nikiwa na chai mkononi, uone kama itapoa.

Nyanya yako anayekungoja