Mshahara wa Dada Mfano

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kelele, na kwamba dawa unazimeza, si kuzitazama tu. Huku Mama hajambo. Anakusalimu na anasema bakuli lako hajalisahau.

Shangazi, nimechoka kuuza vifuniko vya simu. Miaka mitatu nimesimama nyuma ya kioo, na mwenye duka hadi leo ananiita "wewe binti". Karibu na stendi kuna chuo, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi. Kinatoa cheti cha msaidizi wa tabibu kwa mwaka mmoja: kupima presha, kutoa damu, kufunga vidonda, kupokea wagonjwa. Ada ni sawa na mshahara wangu wa miezi kumi na minne. Wanasema ukihitimu unalipwa mara mbili ya ninavyolipwa sasa. Nikiuza mashine ya kuchomelea ya marehemu Baba, ada inatimia. Mama kasema, "Muulize shangazi yako, ndiye aliyezeekea maabarani." Basi nakuuliza.

Mwanao

13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina kelele zake nami nina zangu, tunaelewana. Mwambie mama yako bakuli lirudi likiwa na kitu ndani.

Hesabu hukuniuliza, lakini nitakueleza, ndivyo nilivyoumbwa. Gharama ya cheti si ada peke yake. Mwaka huo hutauza vifuniko, kwa hiyo mishahara kumi na miwili usiyoipokea nayo ni gharama. Na faida si mshahara mpya mzima. Ni ile tofauti kati yake na wa zamani. Kama kweli utalipwa mara mbili, ziada yako kila mwezi ni mshahara mmoja wa sasa. Kumi na minne na kumi na miwili ni ishirini na sita. Utafanya kazi miaka miwili na ushei ndipo urudi pale ulipoanzia. Si hesabu mbaya, na kazi yenyewe ni ya heshima. Nimefanya kazi na wasaidizi ambao bila wao daktari angepoteza hata kalamu yake.

Lakini yote hayo yananing'inia kwenye neno "kama". Usiwaulize wenye chuo, maana hakuna muuza ndizi anayesema ndizi zake zimeoza. Tafuta aliyemaliza hapo, umkute kazini kwake, na umuulize analipwa nini. Mashine usiiuze kabla hujapata jibu.

Shangazi yako

21 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu ile barua? Sisi wazima.

Nimefanya ulivyosema. Jumanne asubuhi nilipanda chuoni, nikamkuta mhitimu pale pale mapokezi, amevaa koti jeupe, kipimo cha kusikilizia moyo kimening'inia shingoni. Ni dada mcheshi sana. Nikamuuliza, "Dada, unalipwa kweli?" Akacheka: "Mdogo wangu, mimi zamani nilikuwa nauza viatu. Sasa hivi nalipwa mara mbili, na kila mwezi tarehe moja, bila kukumbusha mtu." Macho yake hayakupepesa.

Punguzo la ada lilikuwa linakwisha Ijumaa. Fundi jirani amechukua mashine. Mama alisimama mlangoni akaitazama ikipakiwa kwenye mkokoteni. Nimelipa, Shangazi. Niombee.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa kuthubutu. Nakuombea kweli.

Nina swali moja tu. Huyo dada wa koti, Jumanne asubuhi mbona hakuwa kazini? Nilikwambia umkute kazini kwake, siyo chuoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini maji yameshamwagika, na wewe si wa kukaa ukiyalilia. Soma. Jifunze mshipa ulipo hata ukiwa umefumba macho. Ujuzi hauna punguzo la Ijumaa.

Shangazi yako

9 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mwili mzima, moyo ndio una kichefuchefu.

Tumeanza mafunzo kwa vitendo. Tumepelekwa zahanati iliyo nyuma ya chuo, na mwenye zahanati ndiye Mkuu wa chuo. Mafunzo hayo yana ada yake nyingine ambayo hatukuambiwa, nami nimeilipa kwa kuuza simu yangu. Unajua nimejifunza nini wiki ya kwanza? Kufua glavu. Zile za mpira, za kuvaa mara moja na kutupa. Zinarundikwa kwenye beseni la bluu, zingine bado zina damu, zingine usaha umegandia vidoleni. Tunazisugua, tunazigeuza, tunazianika kwenye kamba nyuma ya choo. Zikikauka tunazipaka poda ya watoto zisinatane. Mtoto wa dada yangu akipakwa poda siku hizi natoka nje.

Nilimwambia Mkuu kwamba hii si sawa. Akaniuliza, "Wewe ni tabibu?" Nikasema hapana. "Basi fua."

Na nimeuliza msaidizi mwenye cheti yuko wapi, nimtazame anavyofanya. Hayupo. Hapa kuna muuguzi mmoja mzee, na sisi kumi na wanane. Tunatoa damu, tunafunga vidonda, tunafagia. Mhitimu wa mwaka jana alikuja kuomba kazi nikiwa nimesimama pale. Mkuu alicheka hadi akakohoa. "Nikulipe wewe ya nini, na hawa hapa wananilipa mimi?"

Shangazi, nimeula wa chuya.

Mwanao

17 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliiweka chini mara mbili kabla ya kuimaliza. Chai yangu nimeimwaga.

Hukuniuliza, lakini nitakueleza. Glavu si soksi. Mpira ukisuguliwa unapata vitundu ambavyo jicho halivioni, na ugonjwa hauhitaji mlango mkubwa. Mgonjwa anaona mkono uliofunikwa, anatulia. Kumbe kilichofunikwa ni uchafu wa mgonjwa wa jana. Mtu anayemshika mgonjwa kwa glavu ya namna hiyo ni afadhali angemshika kwa mkono mtupu, angalau mgonjwa angejihadhari. Nimewaandikia wakaguzi wa afya, nimeweka jina langu na anwani yangu. Nakutumia boksi tatu za glavu. Vaa hizo tu. Kiganja chako ndicho mtaji wako uliobaki.

Na hesabu yangu ya Februari ilikuwa na tundu pia. Nilipima ada na mshahara, lakini sikupima kwamba anayeuza cheti ndiye huyo huyo anayeua kazi ya mwenye cheti. Kila mwaka anazalisha wahitimu, na kila mwaka anawafungia mlango kwa wanafunzi wapya. Ni kama mtu anayekuuzia ndoo huku akiziba kisima.

Shangazi yako

6 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti vipi? Mama anakohoa kidogo lakini anapika, kwa hiyo ni mzima.

Boksi zako zilifika. Mkuu alizifungia kabatini "kwa usalama", na Jumatatu nikaona wagonjwa wanauziwa, jozi moja moja. Wakaguzi walikuja, wakanywa soda, wakaondoka.

Cheti nimepata Machi. Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu. Nimezunguka zahanati zote ninazoweza kufika kwa miguu, na kila moja ina wanafunzi wake wanaolipa. Dukani kioo changu kilipata mtu mwingine.

Sasa sikia. Juzi Mkuu kaniita, kanipa koti jeupe na kile kipimo cha shingoni. Yule dada mcheshi ameolewa, ameondoka. Mkuu anataka nikae mapokezi. Kazi yangu ni kuwasalimu wanaokuja kuuliza, na wakiniuliza nalipwa nini, niwaambie. Mshahara ni ule ule walioutangaza: mara mbili ya wa dukani, kila tarehe moja. Pale chuoni kiti hicho kina jina. Wanakiita Dada Mfano.

Kodi ya nyumba tumeikosa miezi mitatu. Nimeanza jana.

Mwanao

12 Julai

Mwanangu,

Nimesoma. Leo sina maelezo.

Shangazi yako

3 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako fupi niliibeba mfukoni mwa koti lile. Zile za maelezo nilikuwa nazisoma nikicheka, hii ilinichoma ubavuni kila nilipokaa.

Wiki tatu nilijibu kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nahesabu maneno, sikulazimika hata kudanganya: nalipwa mara mbili, tarehe moja, bila kukumbusha mtu. Wote walilipa. Nikifika nyumbani nilinawa mikono hadi ngozi ikauma, na sikuwa nimemgusa mgonjwa hata mmoja.

Jumanne akaja mama mmoja na binti yake. Binti alikuwa anauza maji baridi. Friji yake ilikuwa imeshapata mnunuzi, binti alikuwa anasubiri neno langu tu. Akaniuliza, "Dada, unalipwa kweli?"

Nikasema, "Kweli kabisa, mdogo wangu."

"Na kazi yenyewe ni ngumu?"

Shangazi, hapo ulimi ukagoma. Nikamwambia, "Kazi yenyewe ndiyo hii unayoiona. Nalipwa ili nikwambie kwamba nalipwa."

Binti hakuelewa. Mama yake alielewa. Alinitazama kuanzia viatu hadi usoni, kama mtu anayetazama kitu kilichoganda kwenye sahani. "Kwa hiyo wewe ni chambo?"

"Ndiyo, mama. Na koti ni lao."

"Inuka," akamwambia bintiye, "tukamwahi yule wa friji kabla hajaichukua." Wakashuka ngazi mbio. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nililivua koti kabla hajafungua mdomo.

Sasa nafua nguo za watu majumbani, nguo zinazostahili kufuliwa. Kodi inasogea polepole. Mama amesema bakuli lako linakuja na maharage.

Jana nimepita pale stendi, nikatazama juu dirishani. Kiti kimeshapata mtu, mwanafunzi mwenzangu, yule tuliyekuwa tunashika naye beseni. Amevaa koti lile lile. Nimelitambua kwa doa la chai yangu kwenye mkono wa kushoto. Hata kulifua hawakulifua.

Mwanao