Taji la Bi. Birgit

Jumapili, 29 Novemba 2015
Baada ya kanisa nimeshuka tena kwa Bi. Birgit, mwenye nyumba wetu anayekaa chini. Mswidi. Tumewasha mshumaa wa kwanza kati ya minne. Kila Jumapili mmoja, mpaka Krismasi. Kisha tumesuka nyota za mabua ya ngano. Mabua yanalowekwa kwanza, la sivyo yanavunjika. Nilijua hilo tayari. Akauliza nani alinifundisha kusuka. Nikasema bibi yangu, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Sikusema kwamba bibi alifariki Oktoba.
Nyota sita.

Jumatano, 2 Desemba
Bi. Birgit anahamia mji wa Columbus kwa mwanawe, baada ya Krismasi. Hawezi tena kukaa peke yake. Anataka kitu kimoja kabla ya kuondoka. Tarehe 13 ni siku ya Mtakatifu Lucia, sikukuu ya kwao Waswidi. Binti wa nyumba hiyo huamka alfajiri, gauni jeupe, taji la mishumaa kichwani, akawapelekea watu kahawa na mikate ya zafarani kitandani. Binti yake alikuwa akifanya hivyo. Hayupo tena. Ameniomba mimi.
Nimekubali kabla ya kufikiri. Mimi, nisiyeweza kusoma kwa sauti darasani.

Alhamisi, 3 Desemba
Mama amekataa. Matanga ya bibi hayajaondolewa. Sisi Warundi hatufanyi sherehe mpaka ndugu wakutane, wanywe pamoja, wamalize. Mjomba yuko mbali, mji wa Louisville. Ghala analofanyia kazi huko, mtaa wa Okolona, halimpi ruhusa mpaka Januari. Kwa hiyo tunangoja. Redio haijawashwa tangu Oktoba.
"Na moto kichwani!" Mama akasema. "Nywele zako zikiungua, mjomba wako nitamwambia nini?"
"Muache, Mama," akasema kaka yangu Claude. "Tutapata keki ya bethidei inayotembea."
Mama alikaribia kucheka. Akajizuia.
Mimi sijacheka wala kulia tangu Oktoba. Siku ile ya simu ya msiba nilikuwa na mtihani wa kemia. Niliufanya. Nikafaulu.

Jumapili, 6 Desemba
Mshumaa wa pili. Sijamwambia Bi. Birgit kwamba nimekatazwa. Mimi mwoga.
Tumefunga mbuzi wa mabua, pambo la Krismasi la kwao, kwa utepe mwekundu. Wangu ametoka na pembe ndefu mno, kama ng'ombe wa Burundi, ambao nimewaona kwenye picha tu. Bi. Birgit alimgeuzageuza. "Huyu si mbuzi," akasema. Lakini amemweka dirishani, mbele ya mbuzi wake.

Ijumaa, 11 Desemba
Nimetoka shule nikakuta gari la mwana wa Bi. Birgit mlangoni. Kazini kwake wamempa ruhusa wiki hii tu. Bi. Birgit alikuwa ameshaketi ndani, amevaa koti, mbuzi wangu mapajani.
"Siku mbili tu, Jeanine. Amekataa kungoja siku mbili."
Akanipa ufunguo wa jikoni kwake. Unga uko kabatini. Zafarani iko kwenye kopo la chai. Taji liko mezani.
Gari likaondoka. Nikasimama. Sikusikia kitu chochote moyoni. Nimeepuka kumwambia ukweli, na hata hilo halikunifurahisha.

Jumamosi, 12 Desemba
Mama yuko kiwandani Tonawanda, zamu ya ziada. Nimeoka. Mikate ishirini, kila mmoja umejikunja ncha mbili, na zabibu kavu katika kila mkunjo. Minane imeungua chini.
Sijui nimemwokea nani.
Claude amekula mitatu. Amesema inashinda maandazi. Mwongo.

Jumapili, 13 Desemba
Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimempelekea Mama kahawa na mkate kitandani. Bila gauni. Bila taji. Bila wimbo. Sweta na soksi. Nikaweka sinia kando yake.
Mama alijiinua, akatazama ndani ya kikombe. Nilingoja anifukuze.
"Umeweka sukari?"
"Vijiko vitatu."
"Bibi yako alikuwa anaweka vinne."
Tangu Oktoba humu ndani yanatajwa matanga yake tu, si yeye mwenyewe. Mama akaumega mkate, akanipa nusu. Tukala gizani. Akalia kidogo, akiendelea kutafuna. Mimi sikulia. Nilishika kikombe chake.
Mchana nimempigia Bi. Birgit, Columbus. Nimemwambia kwamba nilikuwa nimekatazwa. Kwamba minane iliungua. Kwamba bibi yangu amefariki.
Kisha akauliza bibi aliitwa nani.
Nikamtajia.