Kaka, Ungeweza Kuchomea Nje

Kaka Masanja,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo umezoea.

Mvua imenyesha huko nyumbani Didia, kaburi lako lilititia kidogo upande wa miguuni na baba amelijazia udongo. Mama hajambo, ila hataki kusikia neno dhahabu. Mimi bado nipo huku mjini, Kambarage, dukani kwa Mzee Karim, nauza pampu na kumwandikia barua zake kwenye ile kompyuta uliyoicheka. "Minza, hiyo nayo itashuka duarani kuchimba dhahabu?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Kumbe kile kikohozi kilikuwa kimeshaanza, na mimi nikacheka nawe.

Daktari alisema ni moshi wa zebaki uliokuunguza mapafu. Nani asiyejua ulivyokuwa ukifanya? Unajifungia jikoni, unaziba dirisha kwa gunia, unaweka donge lako la dhahabu na zebaki kwenye kikaango, unachochea moto. Wachimbaji wa huko Geita ndivyo mlivyo, maana ukichomea nje watu wataona umepata kiasi gani, na ukilala utavamiwa. Hata mkeo, Mama Kulwa, ulikuwa unamtoa nje. Usiri gani ule, jamani!

Baada ya arobaini nilimwomba Mzee Karim ruhusa ya kuitumia kompyuta kwa shida yangu. Kuna kundi la watu wanaoandikiana kwa barua pepe, wachimbaji wadogo na marafiki zao, wa Zimbabwe, Ghana, Ufilipino. Mmoja akiuliza, wote wanasoma. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: kaka yangu anachomea zebaki ndani, afanyeje? Nilidhani watanicheka. Kesho yake majibu yamejaa. Mama mmoja wa Zimbabwe akaeleza: kikombe cha chuma cha kutilia donge, chenye kifuniko cha kukaza, juu yake bomba lililopinda, limeviringishwa kitambaa kibichi, mdomo wake juu ya bakuli la maji. Moshi unapoa humo humo, zebaki inadondoka, unaitumia tena. Haiendi mapafuni wala mtoni. Halafu Mghana akaongeza neno, nikalia pale pale mbele ya wateja: kikombe kikishafungwa, hakuna anayeona kilichomo.

Mayo wane, mama yangu, kaka! Ungeweza kuchomea nje, mchana kweupe, watu wamekuzunguka, na siri yako ukaondoka nayo mfukoni. Na hayo mambo wenzetu walikuwa wameshaandikiana zamani, wewe ungali hai, kompyuta iko mezani kwangu. Inaniuma. Siwezi kukueleza inavyoniuma.

Fundi wa kuchomelea hapa mtaani alinitengenezea kimoja kwa vipande vya bomba la maji. Nikapanda basi kwenda Geita, kwa sababu Mama Kulwa amerithi fungu lako la duara na alikuwa anachomea jikoni mle mle, mtoto mgongoni. Akanikatalia. "Wifi, mali ya marehemu mimi siianiki." Nikamwambia, kitazame kwanza. Akakizunguka, akakigonga kifuniko, akajaribu kuchungulia. Kisha mtoto akampa jirani, akatoa jiko nje mbele ya wanaume wote wa duara, akakaa upande upepo unakotoka. Wakakodoa macho weee, hawakuona kitu. Jioni wawili walikuja kukiazima.

Niliporudi nikawaandikia wale wa kundi kwamba kimefanya kazi. Wamefurahi mno. Mfilipino ameomba vipimo vya fundi wetu akawaonyeshe wa kwao. Na yule mama wa Zimbabwe ameandika mstari mmoja tu: "Msalimie sana kaka yako, mwambie sasa apumue vizuri."

Sikuwa nimewaambia. Vidole vilikataa kuandika kwamba umekufa.

Kesho nitawaambia, nakuahidi. Na yeyote atakayeuliza pale nitamjibu siku hiyo hiyo, hata kama Kiingereza chake ni kibovu kuliko changu. Lala, kaka. Salamu zako ndizo hizo, nimezifikisha.

Mdogo wako,
Minza