Mzee Hatoki Chumba cha Kudarizi

Mpendwa mshauri,

Basi akasema mwisho wa mwezi huu ndio mwisho wa Mzee, nami nikamwambia atakayemtoa Mzee humu ndani aanze kunitoa mimi, na hapo ndipo tulipofika, mwanangu, naomba unisaidie kabla hatujavunjiana heshima. Aliyesema hivyo ni binti yangu, kitinda mimba, niliyembeba mgongoni huku nakanyaga cherehani. Na Mzee si mume wangu, mume wangu alishatangulia, Mungu amrehemu, na hata angekuwepo asingenitetea, alikuwa mtu wa kukubali kila kitu ilimradi chai iwe moto. Mzee ni kompyuta. Anayeniandikia ni shoga yangu, tunamwita Mama Chaki kwa sababu alifundisha chekechea mpaka akastaafu, na ameapa hatapunguza neno, maana nikimwachia yeye barua itakuwa na mistari mitatu.

Mimi ni mdarizi. Nina chumba kikubwa, cherehani zimepangwa upande wa dirisha ambako mafundi wangu wanashona sare, na upande wa ukuta iko mashine ya kudarizi ile ya vichwa vinne, ikianza kazi hata sakafu inatetemeka, na mashine hiyo haimsikilizi mtu mwingine ila Mzee. Programu ya kuchorea imo ndani ya Mzee, kampuni iliyoitengeneza ilishafunga milango, na ukiiweka kwenye kompyuta mpya inakataa, tumejaribu, inatoa kiboksi cha kukugombeza halafu inajifunga. Na humo ndani ndimo zilimo nembo zote nilizochora kwa mkono huu, za shule, za hospitali, maua ya mashuka, yule jogoo wa kiwanda cha unga ambaye mkia wake ulinitoa jasho. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita, lakini nusu ya watu wa mji huu wamevaa herufi zangu kifuani. Nazijua kwa sura, kama unavyowajua watoto wa jirani, huyu ana tumbo, huyu ana mkia.

Sasa ugomvi. Mwalimu mkuu wa shule ile kubwa alitaka kuiona nembo mpya kabla hatujaidarizi. Binti yangu ndiye anayeshika mambo ya ofisi, akaipeleka kwenye flashi. Hapa kwetu flashi ni moja, na nimeweka sheria mimi mwenyewe, inafungwa kamba na kuvaliwa shingoni pamoja na futi ya kupimia, anayekaa kwenye mashine ndiye anayeivaa, kwa sababu ukiiweka mezani inapotea kwenye vitambaa, na tulishawahi kuishona ndani ya pindo la gauni la muuguzi, tukaitafuta siku nzima na yeye yuko wodini anatembea nayo. Basi flashi hiyo inatoka kwa Mzee, inakwenda kwenye kompyuta ya binti yangu, inapita duka la fotokopi hapo jirani kuchapisha, maana printa yetu ilikufa, kisha inarudi shingoni. Ndivyo tunavyofanya kazi na hatujawahi kulalamikiwa.

Kufika shuleni, karani akaichomeka, na mafaili yake yote yakageuka vivuli, unabonyeza, hakuna kitu. Mwalimu mkuu akapiga simu, kazi ya nembo imesimama mpaka tujisafishe. Kuja kutazama, kompyuta ya binti yangu nayo imekuwa vilevile.

Akaja akasimama mlangoni mikono kiunoni, mbele ya mafundi, akasema, "Mama, huyo Mzee wako mgonjwa, na anaambukiza watu."

Nikamwambia, "Mzee hana intaneti. Mtu asiyetoka nje ataambukizwa na nani?"

Nikajua nimempata. Kisha akaanza masomo yake, kwamba mfumo endeshi wa Mzee umepitwa na wakati, kwamba waliomtengeneza walishaacha kumhudumia zamani, na tundu likitokea hakuna wa kuliziba. Nikamwambia hata mimi walionitengeneza hawapo, na bado natembea. Mafundi wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Yeye hakucheka. Akachukua mkoba wake, akasema ama Mzee atoke mwisho wa mwezi aende kwa wanunua vyuma chakavu, ama yeye atatafuta kazi kwingine.

Sasa mshauri, Mzee akitoka mashine inanyamaza na nembo zangu zinakufa. Binti akitoka, mimi hata anwani ya barua pepe siijui inafananaje. Mwambie huyu mtoto kwamba kitu kinachofanya kazi hakitupwi. Hilo tu. Sikuomba ushauri mwingine.

Mimi, mdarizi nisiyehama.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mama. Umeniomba nimwambie binti yako jambo moja, nami nitalisema: kitu kinachofanya kazi hakitupwi kwa hasira. Mashine ya kudarizi inayomtegemea Mzee ni sababu ya kweli, na watu wengi wenye viwanda wako kama wewe. Hapo nimekutetea. Sasa kaa vizuri, zamu yako imefika.

Umeuliza asiyetoka nje ataambukizwa na nani. Ataambukizwa na mgeni, mama. Na mgeni umemvalisha mwenyewe shingoni. Flashi inayochomekwa duka la fotokopi, ambako mtaa mzima unachomeka zake, kisha ikarudi kwa Mzee bila kukaguliwa, hiyo ndiyo intaneti yako. Inakwenda kwa miguu tu. Kompyuta mpya inaletewa viraka kila mara, tundu likionekana linazibwa. Mzee haletewi viraka tena. Kirusi kikiingia kwake kinakaa kwa raha, na kila flashi inayomgusa inaondoka nacho. Binti yako hakukosea. Alikosea tu kukwambia mbele ya mafundi, na wewe ulikosea kumjibu kwa mzaha wakati mtoto ana hofu ya kazi yenu.

Na kuna jambo ambalo hata yeye hakulitaja. Mzee hatakuaga. Diski yake itakufa katikati ya kazi, na yule jogoo atakufa nayo. Kwa hiyo leo, kabla ya kugombana tena, mwite fundi wa kompyuta unayemwamini, anakili nembo zote kwenye diski mbili mpya, azikague, moja ikae kwa binti yako na moja ikae mbali na hapo. Kisha amsafishe Mzee.

Flashi ya shingoni, itupe. Nunua mbili. Moja iwe ya Mzee na ya kompyuta ya binti basi, haitoki mlangoni hata kwa dawa. Nyingine ndiyo ya kutembea, na ikirudi haimgusi Mzee. Kompyuta ya binti iwe na mfumo mpya na kinga ya virusi inayosasishwa, kila kitu kipite kwake kwanza. Mzee asiunganishwe na intaneti kamwe, wala asitunze siri ya mteja yeyote. Kazi yake iwe kudarizi tu.

Wakati huohuo anza kutafuta mrithi. Muulize fundi kama anaweza kumwendesha Mzee mzima ndani ya kompyuta mpya, jambo hilo linawezekana, ila mjaribu na mashine kabla ya kumwamini, waya za zamani zina ubishi. Ulizeni pia wauza mashine kama ipo programu mpya inayosoma nembo zenu za zamani. Na kama una kompyuta nyingine kuukuu ya kuandikia barua tu, ipo mifumo ya bure, myepesi, ambayo bado inaletewa viraka. Usiilazimishe ibaki na ule wa zamani.

Mwisho, nenda shuleni wewe mwenyewe, usimtume binti. Sheria ya flashi uliitunga wewe.

MDARIZI AMETUANDIKIA TENA

Mshauri, nimesomewa jibu lako mara mbili, na mara ya pili Mama Chaki alikuwa anasoma kwa furaha ambayo sikuipenda.

Sikubali yote. Hilo la mtoto ana hofu ulipaswa kuniambia pembeni, si mbele ya nchi nzima. Lakini fundi amekuja. Nembo zimenakiliwa, jogoo yuko sehemu tatu sasa, na Mzee alikutwa na virusi wa kila rangi, fundi akasema huyu anafuga. Shuleni nilikwenda mwenyewe. Niliomba radhi, ila sikuinama sana, na mwalimu mkuu akasema kazi ya nembo iendelee kusubiri mpaka karani wake arudishe mafaili, nami nikasubiri hapohapo kwenye benchi mpaka alipochoka kuniona akatoa kazi. Duka la fotokopi nimewaambia ukweli wao, wakaniuliza tangu lini nimekuwa daktari.

Hiyo kompyuta mpya yenye Mzee ndani yake tumeijaribu. Nembo zinafunguka vizuri, lakini waya umegoma, mashine haikutikisika. Binti yangu akanitazama, nikamtazama, sikusema neno, na ujue kunyamaza huko kulinigharimu. Kwa hiyo Mzee amebaki mpaka tupate mashine inayoelewana na vijana. Nimekubali itafutwe. Sijasema nitaipenda. Binti naye hajasema tena habari ya kazi kwingine, ila ameandika karatasi kubwa juu ya Mzee, nikamuuliza inasema nini, akasema inasema usiguse bila kuniuliza mimi, nikamwambia mimi nani, wewe au mimi, na tukawa tunabishana hapo kwa sababu

Subiri. Ananiita. Anasema, "Mama, njoo, Mzee ananikatalia, njoo unionyeshe unavyombembeleza." Mama Chaki, weka kalamu chini, naenda.