Zumari Ndani ya Spika

Wingwi, 9 Januari 2024

Kaka Shaame,

Asalaam alaykum. Hali yako na baridi la Hamburg? Siye wazima, ila Baba kifua kinambana. Mie usiulize, nazidi kupendeza tu.

Kazi uliyonituma nimeimaliza. Jana kwenye mchezo wa ng'ombe nilikaa ubavuni kwa Baba, simu nimeificha kwenye kikapu cha machungwa, nikamrekodi zumari yake yote. Fundi wako wa studio mwenye digrii angekanyagwa palepale! Sekondari ilinishinda, sikatai, lakini Dhoruba hajanishinda. Ndiye ng'ombe wetu mpya wa mchezo, jeuri kama Shangazi Ummkulthum.

Baba nae na sharti lake lile lile: hapulizi mpaka wanaume washike kamba ya ng'ombe. Ati Dhoruba akisikia zumari anajua mchezo umeanza, hana tena rafiki.

Hiyo albamu yako ya jazi iite jina langu, itauzika.

Mdogo wako,
Haidar

Hamburg, 2 Mei 2024

Mdogo wangu Haidar,

Wa alaykum salaam. Mama hajambo? Na kifua cha Baba?

Albamu imekamilika. Kuna ngoma za Senegali, kuna udi wa Kiarabu, na wimbo wa mwisho ni zumari ya Baba, saksafoni yangu ikimfuata nyuma. Nimekutumia huo.

Unajua tangu niondoke na hii saksafoni, Baba anayoiita tarumbeta la walevi, hajaitikia hata salamu yangu. Sitaki kingine, asikie huo mmoja tu. Akichukia nitauondoa. Ila usimlazimishe.

Kakako,
Shaame

Wingwi, 5 Mei 2024

Kaka,

Salamu nyingi. Tumeamka salama, sijui weye.

Nisimlazimishe? Yakhe, Ulaya imekufanya mwoga! Nimeazima spika ya Masoud, ile ya harusini, inatikisa mabati. Kesho baada ya alasiri, Baba akiwa uani anamkatia Dhoruba majani, namfungulia. Atake asitake, atasikia. Weye kaa tayari kulia.

Mdogo wako mwenye akili,
Haidar

Hamburg, 7 Mei 2024

Haidar,

Hamjambo? Mbona kimya, mdomo wako wote ule? Alisema nini? Hata kama kanitukana, niambie.

Kakako

Wingwi, 8 Mei 2024

Kaka Shaame,

Asalaam alaykum. Leo hali yako siulizi. Mama kasema nikwambie mie, kwa mkono wangu mwenyewe, kabla yeye hajakupigia.

Baba hatunae. Tumemzika jana.

Nilimfungulia wimbo. Alikuwa kakaa kitako, majani mkononi. Zumari ikaanza, akacheka, akatazama mlangoni kama kuna mtu kaja. Halafu ukaingia weye na saksafoni yako. Akauliza, "Nani huyo ananifuata nyuma?" Nikamwambia, "Shaame." Akayaweka majani chini. Nikaona sasa ananichapa. Akasema, "Pumzi yake fupi. Akija nitamfundisha."

Hapo zumari ikapanda. Dhoruba alikuwa kwenye kamba ile nyembamba ya kulia majani, hakuna mwanamme aliyemshika. Kaka, sharti nalijua tangu mtoto. Lakini nilidhani ni la zumari ya mdomoni. Ya kwenye spika sikuihesabu kuwa zumari.

Kamba ikakatika. Dhoruba alinijia mie niliyeshika spika. Baba na kifua chake kile akanyanyuka, akasimama katikati yetu.

Watu wakaja, wakambeba Baba ndani. Wimbo uliendelea mpaka ukaisha. Hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Mdogo wako,
Haidar

Wingwi, 11 Mei 2024

Kaka,

Salamu. Alama kwenye simu zimeshakuwa za buluu, umesoma. Mama anakupigia, hupokei. Anauliza unakuja lini, namwambia sijui.

Dhoruba kachinjwa. Zumari ya Baba ipo juu ya kabati, haijaguswa.

Nitukane basi. Tusi lolote, hata yale ya Shangazi.

Haidar