Hataza ya Mashine Yangu ya Karanga

Jumatatu, 4 Machi
Mashine yangu imemenya debe zima la karanga. Zilizopasuka saba tu. Saba! Viwanda vikubwa haviwezi hivyo. Miaka arobaini nachomelea mageti ya watu, sasa watanijua. Binti yangu wa pili, yule mwalimu, kaichora mashine yote, nje na ndani, kasema nikachukue hataza kabla mjanja hajaiiga. Hataza ni karatasi ya serikali: kitu hiki kakibuni fulani, mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Nimesema jina langu waliandike kubwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda ofisi ya hataza, nimeacha michoro. Karani ni mama wa miwani, mpole, ila maswali yake kama ya mkwe asiyetaka kutoa binti. Nani kabuni? Mimi. Peke yako? Peke yangu. Kasema kila aliyetoa wazo lazima aandikwe kwenye fomu, na kiapo juu yake. Ukificha mtu, hataza inaweza kufutwa. Nikauliza, hata kama wazo lenyewe dogo? Akasema kama bila hilo mashine haifanyi kazi, basi si dogo. Ijumaa anataka kuiona ikimenya.
Nimerudi kwa miguu ili nifikiri. Sikufikiri.

Jumatano, 6 Machi
Niandike tu, hakuna asomaye. Mwaka jana mashine ilikuwa inaponda karanga. Miezi minne! Mama watoto akaleta chai karakana, akatazama, akavua kandambili yake, akaikata vipande kwa kisu changu. Kasema nibandike ndani ya pipa, karanga isuguliwe na kitu laini, isigongwe na chuma. Akarudi ndani mguu mmoja peku. Dakika tano, basi.
Mimi nimekata chuma, nimeungua vidole. Yeye kandambili. Huyo naye mvumbuzi?

Alhamisi, 7 Machi
Dawa nimeipata. Nimebandua kandambili zote, nimeweka gunia. Wazo langu mwenyewe, halina ubia na mtu. Sikulijaribu. Fundi wa kweli hajaribu, anajua.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu.
Gunia limejiviringa kwenye mhimili, mashine ikatoa unga. Mbele ya karani, mlinzi, na watu wawili waliokuja kwa shida zao. Mlinzi akauliza kama nayo ya kukaanga nimeileta. Nikasema umeme wao mbovu. Mashine inazungushwa kwa mkono.
Karani kafuta miwani, kafunua michoro. "Mzee, hapa naona raba ndani ya pipa. Iko wapi?"
Nikasema nimeiacha nyumbani. Hilo si uongo. Kanipa fomu, niirudishe Jumatatu pamoja na mashine.

Jumamosi, 9 Machi
Nimebandika kandambili upya. Mama watoto kanikuta na gundi mkononi, hakuuliza zilibanduka vipi. Kasema tu kipande kimoja nimekigeuza, upande wa mistari ndio ukae juu, la sivyo karanga zitateleza. Nikamwambia najua. Sikujua. Alipoondoka nikakigeuza.
Debe zima, zilizopasuka tano.

Jumapili, 10 Machi
Binti kaja baada ya chakula cha mchana, na kiherehere chake. Kamsomea mama yake fomu yote kwa sauti, mpaka kiapo. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nimevaa makubadhi.
Nilingoja mama watoto anirukie, nilikuwa na majibu tayari, makali. Akacheka tu.
"Baba watoto, andika unachokijua. Mimi siendi ofisini kukushitaki."
Afadhali angenishitaki! Kesi ningeshinda, mimi sijawahi kushindwa maneno.
Wamekwenda jikoni wote wawili. Nimebaki na fomu. Mstari wa kwanza nimeandika jina langu kwa wino, herufi kubwa, limekaa vizuri sana. Mstari wa pili u wazi. Mrefu, huo mstari. Chini yake kiapo, na nafasi ya sahihi.
Jina lake nalijua kuandika. Nililiandika kwenye cheti cha ndoa, nikiwa bado sijui herufi nyingine.
Anauliza kutoka jikoni nimefika wapi. Nimemjibu nachonga penseli.
Sasa anauliza penseli ya nini, na fomu imesema wino.