Kuku Wameingia Wenyewe

Jumapili, baada ya chakula cha usiku

Wameingia! Wote wanne, bila kufukuzwa.

Tangu nilipomaliza kujenga banda, kuku walikataa kulala humo. Walipanda juu ya mparachichi, na juzi paka shume akamchukua mmoja. Nililia. Mume wangu akanicheka: "Mama Zawadi, kuku wenyewe hawataki nyumba yako!"

Leo nikaingiza kichwa ndani. Giza tupu. Nani angekubali kulala humo? Nikachukua msumeno, nikakata dirisha upande wa magharibi, nikapigilia wavu.

Jioni jua likapenya. Tetea mmoja mwekundu akachungulia, akaingia. Wenzake wakamfuata.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Basi tengeneza na ule mlango wa jikoni uliovunjika," akasema.

Nitautengeneza. Lakini kwanza aniite mimi "Fundi".